KATI YA KUPONA NA KUFA
Neno juu ya wazazi wetu wanaougua kwa miaka



Amani iwe katika nyumba zenu, na zaidi sana katika nyumba ile ambayo ndani yake kuna mzee aliyelala mgonjwa wakati mnaposoma maneno haya.

Safari hii tunataka kufikiri pamoja juu ya swali ambalo watu wanalinong'ona inje ya kanisa, lakini mbele ya wengine wanalinyamazia. Swali ni hili: mzazi mzee mwenye ugonjwa usiopona, ugonjwa wa kukaa naye mpaka mwisho, yeye ni wa nani? Ni wa mtoto wa kwanza? Ni wa binti anayekaa naye katika kiwanja kimoja? Ni wa mtoto mwenye franka? Ni wa kanisa? Ao ni wa Mungu peke yake, na sisi tungoje tu siku atakapomwita?

1. Ugonjwa usio na siku ya mwisho

Kwa ugonjwa wa gafula tunajua la kufanya. Mtoto akishikwa na malaria kali usiku, jirani anatoa pikipiki, mjomba anatafuta franka, wamama wanaanza kuomba, na kabla ya jua kutoka jamaa yote imepata habari. Kwa kifo vilevile tunajua la kufanya. Turubai linafungwa, viti vinakuja, kwaya inaimba mpaka asubui, na hata yule aliyekuwa mbali sana anapata pesa ya safari. Basi tuko tayari kwa mambo mawili: kuomba uponyaji, na kulia matanga.

Lakini wazee wetu wengi hawako katika jambo la kwanza wala la pili. Wako katikati. Mama ana tansio tangu miaka 12. Baba ana ugonjwa wa sukari. Koko amepooza upande mmoja, ao ameanza kusahau majina ya watoto wake. Wiki ya kwanza watu walijaa nyumbani. Mwezi wa pili walipungua. Mwaka wa tatu amebaki mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke: binti, ao mke wa mwana. Wengine wanauliza tu, "Mama anaendeleaje?" na jibu ni lilelile, "Ni vile vile." Neno hilo "vile vile" linachosha masikio ya watu, na kidogo kidogo wanaacha kuuliza.

Magonjwa haya yana tabia yake, na inafaa tuijue. Tansio ni damu kusukuma kwa nguvu kupita kipimo, na mara nyingi haisemi kitu. Mtu anatembea, anacheka, anaimba katika kwaya, na huku mishipa, moyo, figo na macho vinaharibika. Siku moja inampiga kichwani, naye anaanguka. Dawa yake haiondoi ugonjwa. Inaushikilia, na inatakiwa imezwe kila siku. Mzee akiacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri, tansio inapanda tena, maana alikuwa anajisikia vizuri kwa sababu ya dawa ileile.

Ugonjwa wa sukari nao unaweza kuua hisia za miguu. Mtu anakanyaga msumari asijue, kidonda kinaoza, na mwisho mguu unakatwa. Kwa hiyo miguu ya mgonjwa wa sukari inatakiwa kuangaliwa kila siku, chini na katikati ya vidole. Mzee asiyeona vizuri, asiyeweza kuinama, ataiangaliaje peke yake? Lazima mtu mwingine apige magoti mbele yake na kuishika miguu hiyo. Bwana Yesu alipofunga kitambaa kiunoni na kuosha miguu ya wanafunzi wake, wengi wetu tunalisoma tendo lile kama mfano tu. Katika nyumba ya mgonjwa wa sukari si mfano, ni kazi ya kila jioni.

2. Je, kukaa na mgonjwa ni kukosa imani?

Tunajua kwamba wengine watasema: sisi ni kanisa lililozaliwa katika uponyaji. Kama mzee haponi, basi imani yake ni ndogo, ao kuna neno baya limefichwa nyumbani. Tulijibu wazo hili kwa upole lakini waziwazi, maana limekwisha kuumiza watu.

Tukumbuke historia yetu. Papa Simon Kimbangu alianza kazi yake ya kuponya tarehe 6 Aprili 1921. Wagonjwa walijaa Nkamba, na wakubwa wa serikali ya wakoloni wakaogopa. Katika Septemba ya mwaka uleule alikuwa amekwisha kufungwa. Kazi ile ya waziwazi haikufika miezi sita. Kisha ikaja nini? Ikaja miaka 30 ya kifungo, mpaka kifo chake katika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, tarehe 12 Oktoba 1951. Na katika miaka ile yote Mama Mwilu Marie alibaki anashikilia watoto na waamini kwa siri, bila makutano makubwa na bila kusifiwa. Alikufa mwaka wa 1959, miezi michache kabla serikali kulitambua kanisa. Tukipima kwa hesabu, miezi ya miujiza ilikuwa michache, na miaka ya kukaa na kuvumilia ilikuwa mingi. Ni nani kati yetu atasema kwamba miaka ile ya Mama Mwilu ilikuwa miaka ya kukosa imani?

Mwaka huohuo wa 1921, mbali na Nkamba, katika mji wa Toronto inchini Kanada, Frederick Banting na Charles Best walifikia dawa inayoitwa insulini. Januari 1922 walichomwa sindano yake kijana mmoja wa miaka 14 aliyekuwa karibu kufa kwa ugonjwa wa sukari. Akapata nguvu tena, akaishi miaka 13 zaidi. Lakini hakupona. Kila siku ya miaka ile 13 alihitaji sindano. Dawa ile haikumpa uponyaji, ilimpa kesho, na kesho nyingine tena. Sisi tunaoamini tutasema kwamba kesho hiyo nayo inatoka kwa Mungu.

Kwa hiyo mzee aombewe, na dawa yake aimeze. Anywe maji ya Nkamba kwa imani, na saa ya kidonge ikifika ameze kidonge. Kanisa letu lenyewe lilijenga hospitali na dispansari. Lisingezijenga kama lilifikiri kwamba dawa ni uasi. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili wake, mwiba ukabaki, na hakuna anayemwita Paulo mtu wa imani haba. Na katika safari zake alikuwa na Luka, mganga.

Tuseme pia juu ya uchawi. Kuna ugonjwa wa uzee unaoharibu akili polepole. Mama anaanza kutembea usiku, anaongea peke yake, anaficha vitu, anamwita mjukuu wake kwa jina la marehemu. Katika miji yetu na vijiji vyetu wamama wa namna hii wamefukuzwa nyumbani, wengine wamepigwa, kwa kuitwa wachawi. Wapendwa, huo ni ugonjwa wa ubongo. Mtu anayesema katika maombi kwamba ameona bibi kizee ndiye anayekula jamaa, huyo atajibu mbele ya Mungu kwa kila jiwe litakalorushwa nyuma ya neno lake.

3. Je, ni deni?

Wengi wanaeleza wajibu wa mtoto kwa mzazi kama deni. Mama alikubeba mgongoni, nawe umbebe. Alikulisha ukiwa huna meno, nawe umlishe akiwa hana meno. Maneno haya ni mazuri, na hatuyatupi. Lakini tukiyafuata mpaka mwisho tunaona hayatoshi.

Kwanza, deni linaweza kuisha. Mtu akihesabu miaka ambayo mama alimlea, akahesabu na miaka ambayo amemtunza, siku moja atasema: nimemaliza. Ugonjwa wa namna hii unaweza kupita hesabu hiyo. Pili, kuna wazazi ambao hawakukopesha kitu. Kuna baba aliyeacha watoto wakiwa wadogo, akaenda kujenga nyumba nyingine, na leo amerudi na fimbo na mguu wenye kidonda. Kwa hesabu ya deni, huyo hadai. Tutamwacha kwenye mlango? Tatu, kuna wazee ambao hawakuzaa, ao watoto wao walikufa katika vita. Hawana mdaiwa hata mmoja. Je, hawana haki ya kuoshwa?

Tusome Yohana, sura ya 5. Kando ya birika la Betesda alilala mtu aliyeugua miaka 38. Yesu alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Na mtu yule hakujibu kwamba hana dawa, wala kwamba hana pesa. Alieleza kwamba hana mtu wa kumpeleka katika maji. Miaka 38, katikati ya watu wengi, na huzuni yake ilikuwa hiyo: kukosa mtu. Yesu hakumwuliza kama alikuwa baba mwema, ao kama kuna mtu anayemdai. Alisimama karibu naye.

Basi sisi tunafikiri kwamba neno la kwanza si deni. Neno la kwanza ni kwamba mtu asikose mtu. Mtoto anawekwa mbele ya wengine kwa sababu yeye ndiye aliye karibu zaidi, si kwa sababu ana hesabu ya kulipa. Ndiyo maana mwenye baba mbaya anaweza kumsamehe polepole, kwa machozi, hata bila kumpenda kama wengine wanavyopenda baba zao, na bado asimwache bila maji. Na ndiyo maana mzee asiye na mtoto ni wetu sisi wote.

Hata sheria ya inchi yetu inasema juu ya jambo hili. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 40, inaweka juu ya watoto wajibu wa kusaidia wazazi wao, na kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Lakini sheria haiwezi kuamka usiku kumgeuza mgonjwa ubavu asipate vidonda vya mgongo. Kwa hiyo inarudi kwetu.

4. Mkeka unashikwa na wangapi?

Hapa ndipo tunataka kukaza neno letu. Katika Injili ya Marko, sura ya 2, yule aliyepooza alibebwa na watu wanne. Wanne, kila mmoja na upande wake. Wakati mwingi katika jamaa zetu mkeka unaachiwa mtu mmoja, na wale watatu wanasimama pembeni kumwonyesha namna ya kubeba.

Zamani, hapa Katanga, mzigo ulikuwa na mabega mengine. Mfanyakazi wa Gécamines na jamaa yake walitibiwa katika hospitali za kampani. Kisha kampani ikadhoofika, na kuanzia mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Vijana wa wakati ule leo ni wazee. Watoto wao wametawanyika: mmoja Kolwezi, mmoja Kinshasa, mmoja Lusaka, mwingine Ulaya. Aliyebaki katika kiwanja cha baba ndiye anayebeba.

Mtoto aliye mbali anatuma franka kwa simu. Ni vema, na Mungu ambariki, maana bila franka hizo farmasi haifunguki. Lakini franka hazimwoshi mtu. Tena tunaona jambo la kusikitisha: yule anayekuja mara moja kwa mwaka na kitambaa kipya anabarikiwa na mama kwa mikono miwili, na binti anayefua matandiko kila asubui anagombezwa kwamba chakula hakina chumvi. Siku mama akizidiwa, huyo binti ndiye anaulizwa, "Ulimpa nini?" Jamaa nyingi zimepasuka kwa swali hilo. Anayekaa karibu na ugonjwa anaonekana kama ndiye mwenye ugonjwa, na hata kama ndiye mwenye kosa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tunaomba jamaa yoyote yenye mgonjwa wa namna hii ikae chini, kama inavyokaa kwa ajili ya mahari ao matanga, na kugawanya pande nne za mkeka. Mmoja ajibu kwa dawa, naye ajue majina yake na siku zinapoisha. Mmoja ajibu kwa chakula. Mmoja ajibu kwa safari ya kupima tansio na sukari. Na mmoja, hata kama ni kijana wa miaka 16, ashike usiku wa Jumamosi ili dada yake alale na kesho yake afike ibadani. Wanaume wasiseme kwamba kuosha mzee ni kazi ya wanawake. Baba mzee mara nyingi anaona haya kuoshwa na binti yake ao mke wa mwana wake. Anangoja mwana wake, na hasemi.

Na chumvi ile tusiisahau. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai, kwa kila mtu mzima na si kwa mgonjwa tu. Basi badala ya kumpikia mama sufuria yake pekee, naye akale peke yake pembeni kama mgeni, nyumba yote ipunguze chumvi na makayabu. Mama atakula pamoja na wajukuu, na wajukuu nao watapata faida.

5. Wakati pesa hazitoshi

Kuna swali gumu zaidi, na hatutalikwepa. Mwezi wa Septemba pesa ziko za jambo moja: dawa ya koko ao karo ya mtoto. Atakayechagua karo ni mwuaji? Atakayechagua dawa ameharibu maisha ya mtoto?

Hatuna kipimo cha kukata neno hili kwa kila nyumba, lakini tuna mambo matatu ya kusema. La kwanza: mtu mmoja asiachwe achague peke yake, maana dhambi si katika uchaguzi ule tu, iko pia kwa ndugu watano waliojificha wakati wa kuchagua. La pili: kabla ya kusema pesa hazipo, jamaa ihesabu pesa inazoweka kwa kifo. Tumeona matanga ambamo ng'ombe alichinjwa na jeneza lenye vioo likanunuliwa kwa mtu aliyekosa vidonge miezi mitatu kabla ya kufa. Bwana Yesu aliwakemea wale waliosema kwamba mali ambayo ingesaidia wazazi wao imekwisha kuwekwa wakfu, ni korbani. Kuna korbani ya hekalu, na kuna korbani ya matanga.

La tatu: mzee mwenyewe aulizwe. Yesu alimwuliza mgonjwa wa miaka 38. Mara nyingi mzee anasema, "Acheni mimi, somesheni mtoto." Tusikubali neno hilo haraka kwa sababu linatufaa. Wazee wengi wanalisema ili wasikie kama watakataliwa. Lakini pia tusimfunge kinywa kama mtoto. Akae katika kikao, asikilizwe, ajue franka ziko ngapi. Mtu anayeshauriwa bado ni mzazi. Mtu anayeamuliwa mambo yake yote amekwisha kufanywa mzigo.

6. Kazi ya kanisa

Kwa upande wetu sisi mashemasi, tunaomba kila parokia iandike majina ya wagonjwa wa namna hii, na kando ya kila jina iandike la mtu anayemtunza. Tumezoea kutembelea mgonjwa. Tuanze kumtembelea na mtunzaji, tumwulize kama amelala, kama amekula, kama kuna mtu wa kumpokea. Binti asiyeonekana ibadani miezi sita asiandikwe kwamba amerudi nyuma kabla hatujajua anashika mkeka wa nani. Na wakati wa nsinsani, vikundi vinavyoshindana kwa furaha kutoa kwa ajili ya ujenzi, vishindane mara moja kwa mwaka kutoa kwa ajili ya vidonge, vipimo na sabuni za wazee.

Haya yote hayatamfanya mzee apone. Jumapili ijayo tutamwuliza binti yake, naye atajibu tena, "Ni vile vile." Tusichoke na jibu hilo. Kwa mgonjwa wa namna hii, "vile vile" maana yake ni kwamba jana dawa ilimezwa, miguu ikaangaliwa, mwili ukageuzwa, na mtu hakukosa mtu. Hiyo ni habari njema. Twende tusaidie iwe kweli na kesho.

Mungu awatie nguvu wote wanaougua, na wote wanaokaa karibu nao. Amina.